Anayelima Awe na Kadi Yake

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika, na 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mkulima Mwanamke. Kufuatana kwa miaka hiyo miwili kunatupa nafasi ya kuuliza swali ambalo vyama vyetu vya msingi, AMCOS, vimelikwepa kwa muda mrefu: kwa nini mazao yanayolimwa na wanawake yaingie ghalani kwa majina ya wanaume?

Ukilitoa swali hilo mbele ya mkutano mkuu, majibu hayakosekani. Yamezoeleka, na wengi wanaoyatoa ni waungwana wasiomtakia mtu mabaya. Ndiyo maana yanastahili kujibiwa kwa hoja, moja baada ya nyingine. Nitatumia zaidi kahawa ya Kilimanjaro na Kagera, maana huko ushirika una mizizi mirefu na kasoro zake zinaonekana vizuri. Msimamo wangu nautanguliza: mwanamke mkulima anahitaji uanachama wake mwenyewe, wenye namba yake, akaunti yake na kura yake. Semina, vitenge vya maadhimisho na mkopo wa kikundi vina faida zake, lakini haviwezi kuchukua nafasi ya kadi.

Dai la kwanza: "Mume akiwa mwanachama, familia nzima ni mwanachama."

Tuifuate kahawa yenyewe. Arabika ya mlimani huchumwa tunda moja moja, lililoiva tu. Siku hiyo hiyo humenywa, kisha mbegu huvundikwa ili utelezi uachie, zikaoshwa na kutandazwa kwenye vichanja. Hapo lazima mtu awepo. Azigeuze kwa mkono, achambue zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, azifunike jua likizidi ukali au wingu likitanda, na aendelee hivyo siku hadi siku mpaka zikauke sawasawa. Katika vihamba vingi, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, mtu huyo ni mama, akisaidiwa na watoto. Kahawa ikivundikwa kupita kiasi au ikinyeshewa kichanjani, hakuna mtaalamu wa mnada wa Moshi atakayeweza kuirudishia daraja lake. Ubora unaolipiwa huko mjini umetengenezwa na mikono ya mama.

Kisha gunia linafika kituo cha kununulia. Karani anapima, anauliza namba ya mwanachama, anaingiza kilo kwenye leja na kukata stakabadhi. Jina linaloandikwa ni la baba. Kuanzia hapo kila kitu kinafuata jina hilo: malipo ya awali, malipo ya pili mnada ukifanya vizuri, pembejeo za mkopo zinazotolewa kwa kuangalia kilo za msimu uliopita, na kura. Kanuni ya ushirika ni mwanachama mmoja, kura moja. Nyumba yenye wakulima wawili na kadi moja ina kura moja, na kwa kawaida aliyeihudumia kahawa kichanjani hayumo ukumbini inapopigwa.

Wanaosema "familia ni moja" wanaifikiria nyumba yenye amani na wenye nyumba wote wakiwa hai. Masharti ya chama, kama sheria yoyote, huandikwa kwa ajili ya siku mbaya. Mume akifariki, mjane huanza safari ya kuthibitisha kwamba kilo zile zilikuwa zake pia, mara nyingi mbele ya mashemeji wenye hoja zao. Mume akihamia kwa mke mwingine, kadi inahama naye huku miti ikibaki na yule yule aliyekuwa akiihudumia.

Hata waasisi wa ushirika wa kisasa hawakukubali kwamba mume anatosha. Chama cha Rochdale, Uingereza, kilianzishwa mwaka 1844, na kufikia 1846 kilikuwa kimemwandikisha mwanamke wa kwanza, Eliza Brierley, kwa jina lake. Wakati huo sheria ya Uingereza haikumpa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake; sheria za kurekebisha hilo zilikuja 1870 na 1882. Ushirika uliitangulia sheria ya nchi. Leo kwetu sheria imetangulia, ushirika umebaki nyuma.

Dai la pili: "Sheria haimzuii mwanamke. Asiyejiunga hataki mwenyewe."

Nusu ya kwanza ni kweli. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 haibagui jinsia. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Tatizo liko kwenye sharti dogo linalotangulia kadi: uwe na shamba la zao husika. Hapo mila ndiyo inayoamua nani ana shamba. Uchagani kihamba kwa desturi huenda kwa watoto wa kiume. Amri ya mila ya urithi iliyotangazwa mwaka 1963 iliandika kwenye karatasi za Serikali utaratibu unaomweka binti na mjane nyuma ya wanaume wa ukoo.

Kagera inatupa mfano ambao kila mwanaushirika anapaswa kuujua. Holaria Pastory, mwanamke mzee wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988, akiwa hana wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikwenda mahakamani mara moja akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye. Shauri lilifika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba na mikataba ya haki za binadamu, na kwamba mauzo ya bibi huyo ni halali.

Hukumu hiyo bado inatajwa katika mihadhara ya sheria hapa nchini na nje. Lakini ilimlazimu mwanamke mzee kufikishwa hadi Mahakama Kuu ili apate jambo ambalo mpwa wake alilihesabu kuwa haki yake ya kuzaliwa. Mwanamke ambaye shamba lake linaweza kuwekewa pingamizi na ndugu yeyote wa kiume hawezi kuambiwa kwamba hakujiunga kwa sababu hakutaka.

Chama hakina mamlaka ya kubadilisha sheria ya mirathi, lakini kina mamlaka juu ya masharti yake. Kinaweza kumpokea mkulima kwa uthibitisho wa miti anayoihudumia, hata kama hati ya shamba ina jina jingine. Kenya wamelifanya. Katika chama cha Kabngetuny, kaunti ya Kericho, wanaume walikubali kuwahamishia wake zao sehemu ya miti ya kahawa, wanawake wakaandikishwa kuwa wanachama, na kahawa yao ikaanza kuuzwa kwa jina la Zawadi. Haikusubiriwa sheria mpya ya ardhi. Yalihitajika mazungumzo ndani ya nyumba, mashahidi, na leja iliyokuwa tayari kufungua ukurasa mwingine.

Dai la tatu: "Wanawake hawana uzoefu wa fedha wala uongozi."

Anayesema hivi hajakaa karibu na kikundi cha VICOBA siku ya mkutano. Vikundi vya kuweka na kukopeshana vya namna hii vilianzia kwa wanawake wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE, na sasa vimejaa vijijini kwetu. Kisanduku kinawekwa katikati. Kina makufuli matatu, na funguo tatu ziko kwa wanachama watatu tofauti ambao hakuna hata mmoja anayetunza kisanduku. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti. Hisa zinagongwa muhuri kwenye vitabu. Aliyechelewa analipa faini, na faini inatajwa. Aliyekopa anasimama kueleza atarejesha lini. Kisha makufuli matatu yanafungwa tena.

Huo ni uhasibu wa wazi, na wanawake wamekuwa wakiufanya kila wiki kwa miaka mingi. Vyama vingi vya mazao vingenufaika kama wanachama wake wangeonyeshwa fedha zao kwa uwazi wa namna hiyo. Uzoefu upo, kilichokosekana ni mlango wa kuupeleka kwenye bodi ya chama chenye ghala na mizani.

Dai la nne: "Viti vya kutengewa wanawake vinashusha sifa ya uongozi."

Utaratibu huo si mgeni kijijini. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na sheria inataka watatu wawe wanawake. Kama tumewakabidhi wanawake migogoro ya mipaka, ambayo imewahi kumwaga damu, hakuna sababu ya kuwaona hawafai kusimamia mjengeko wa bei ya kahawa.

Hata hivyo, wapinzani wana hoja moja ninayoikubali: mwanamke mmoja aliyewekwa kwenye bodi ili picha ikamilike, huku ukumbini hakuna wanawake wanachama waliomchagua, hana nguvu. Hana wa kumtetea akiuliza swali gumu. Dawa yake ni kuongeza kadi za wanawake kwanza, ili viti viwe na wapiga kura nyuma yake.

Dai la tano: "Mwanamke akishika fedha zake, ndoa huvunjika."

Hofu hii naiheshimu, kwa sababu inatolewa na watu wanaopenda nyumba zao. Lakini tuseme ukweli kuhusu kinacholeta ugomvi msimu ukifungwa. Ni fedha iliyolipwa kwa siri, ikatumika kwa siri, mwenye kuchuma akaja kuijua kwa majirani. Fedha inayojulikana na wote wawili haina nafasi ya kuzua ugomvi wa namna hiyo.

Huko Kasese nchini Uganda, kwenye miteremko ya Rwenzori inayopakana na Kongo, wakulima wa kahawa wa ushirika wa Bukonzo Joint wamelishughulikia jambo hili kwa njia ambayo hata asiyejua kusoma anaiweza. Mume na mke wanachora mti. Kwenye mizizi wanachora kazi: nani analima, nani anachuma, nani anateka maji, nani anapika. Kwenye matawi wanachora matumizi: ada za shule, sabuni, pombe, bati, nguo. Upande mmoja wa mti ni wa mwanamume, upande wa pili wa mwanamke, na mambo ya pamoja yanakaa katikati. Mti ukielemea upande mmoja, wote wawili wanauona, na wanakubaliana ni tawi gani lipunguzwe ili mti usimame. Hakuna aliyeshtakiwa, na mazungumzo yaliyoshindikana kwa miaka yanafanyika juu ya karatasi moja. Kutokana na mazungumzo hayo zipo familia zilizoandikisha shamba kwa majina ya wote wawili.

Sheria yetu nayo imeshasema. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitambua kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyopatikana kwenye ndoa. Ikiwa kupika na kulea ni mchango, kuchuma na kukausha kahawa hakuwezi kuwa pungufu ya hapo. Na afadhali mchango huo utambuliwe wakiwa pamoja, kupitia leja ya chama, kuliko ungoje kuhesabiwa siku ya talaka.

Dai la sita: "Ushirika wenyewe umejaa wizi. Kuwaingiza wanawake humo ni kuwaponza."

Hili ndilo dai zito kuliko yote, na sehemu yake ni kweli. Wakulima wamekopwa mazao wakalipwa kwa kuchelewa, wengine wasilipwe kabisa. Makato yameongezwa bila maelezo. Mali za vyama zimeuzwa, wanachama wakaja kusikia baadaye. Anayewaita wanawake kwenye ushirika bila kuyataja haya hawatendei haki.

Lakini tuangalie ugonjwa umetoka wapi. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha umoja wao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, moja ya vyama vikuu vya kwanza vya ushirika barani Afrika. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu nchini. Mazao yakahamishiwa kwenye mamlaka za mazao, na kazi za ushirika zikakabidhiwa vijiji. Wanachama hawakupiga kura juu ya hilo. Sheria ya 1982 ilifungua njia ya kuvirudisha, vikarudi vikiwa dhaifu na vikiwakuta wakulima waliozoea kuviona kama ofisi za Serikali. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika miaka ya 1990, vingi viliyumba. Historia hiyo inafundisha jambo moja: ushirika huoza pale mwenye mali anapowekwa mbali na maamuzi. Na kati ya wenye mali wote, aliyewekwa mbali zaidi ni mwanamke.

Hapo ndipo dai hili linapojigeuka. Karani akipunja mizani, nani wa kwanza kujua? Ni yule aliyepima kwa ndoo nyumbani kabla ya kufunga gunia. Taarifa ya msimu ikisomwa ukumbini na kilo zisilingane na mavuno, nani anaweza kusimama na kusema hapana? Ni yule aliyechuma. Tumemtoa nje ya ukumbi mkaguzi mwenye taarifa kamili kuliko wote, halafu tunashangaa hesabu kupotea. Tume ya Maendeleo ya Ushirika iliundwa kwa sheria ya 2013 kusimamia vyama, shirika la COASCO linakagua vitabu, taarifa za vyama zimeanza kuingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa MUVU, na Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma mwaka 2025. Vyombo hivyo vina kazi kubwa, lakini mkaguzi anayetoka mjini huona kilichoandikwa. Ambacho hakikuandikwa kinajulikana kichanjani.

Na anayesema wanawake wakae nje ya ushirika aseme pia huko nje kuna nini. Kagera kuna butura: kahawa inanunuliwa ikiwa bado ua mtini, kwa bei ya mwenye shida. Anayepokea fedha ni mwenye jina la shamba. Atakayeichuma miezi baadaye kwa ajili ya mlanguzi ni mke wake. Kusini, kwenye korosho, kuna wanunuzi wa kangomba, wanaopita nyumba kwa nyumba na vipimo vyao wakati wa njaa. Kwenye viazi na vitunguu kuna lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, mkulima akalipwa kana kwamba kilemba hakipo. Mkulima mmoja mmoja hawezi kukataa mambo haya, kwa sababu ada ya shule haisubiri. Chama chenye ghala, mizani iliyokaguliwa na uwezo wa kutoa malipo ya awali ndicho kinachompa nafasi ya kusema "siuzi leo".

Dai la saba: "Basi wanawake waunde vyama vyao peke yao."

Hili hutolewa na marafiki zetu, na nalijibu kwa upole. Kikundi cha wanawake ni mahali pazuri pa kuanzia: sauti zinazoezwa, akiba inakua, hofu inapungua. Lakini mitambo ya kukoboa, magari na mkataba wa mnunuzi wa nje vinahitaji wingi wa mazao. Tazama mwani wa Zanzibar. Tangu kilimo chake cha biashara kianze mwaka 1989, wanawake ndio wengi mno shambani. Hata hivyo wingi wao haukuwapa bei, kwa sababu wanunuzi ni wachache na wauzaji wametawanyika. Kuwa wengi bila chombo cha kuuzia kwa pamoja hakujatosha.

Rwanda wameonyesha njia ya kati. Ndani ya chama cha Dukunde Kawa cha Musasa, wanawake wana kundi lao, Rambagirakawa, na kahawa yao huuzwa kwa jina hilo. Kundi ni la wanawake, mtambo wa kuoshea kahawa ni wa chama kizima. Wanapata jina na sauti yao, na hawakosi nguvu ya wingi. Mfano huo unaweza kuigwa Rombo, Muleba au Mbinga bila kuunda chombo kipya.

Cha kufanya mkutano mkuu ujao

Mambo haya hayahitaji mfadhili. Mkutano mkuu urekebishe masharti ili mume na mke wanaolima waweze kuwa wanachama wote wawili, kila mmoja kwa namba yake, na mjane aendelee na uanachama bila kuomba ridhaa ya ukoo. Kiingilio na hisa viruhusiwe kulipwa kidogo kidogo kwa kukatwa kwenye mauzo, kwa sababu asiyewahi kulipwa kwa jina lake hana akiba ya kuanzia. Malipo yaende kwenye akaunti ya aliyeleta mazao. Mikutano isiitishwe saa za kuteka maji na kupika, na taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kituoni siku kadhaa kabla ya kusomwa, ili aliyepima kwa ndoo apate muda wa kulinganisha. Wanaume wenye kadi leo ndio wenye kura za kuyapitisha haya, na nawaomba wayapitishe bila kuyaona kama hisani.

Kwa akina mama niseme hili: msisubiri kualikwa. Andikeni barua ya kuomba uanachama, mpeleke wawili watatu kwa pamoja, na mkikataliwa daini sababu kwa maandishi, kisha mpande nayo kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Chama kinajengwa na kahawa yenu. Kina wajibu wa kuwatambua kwa majina, kuwalipa kwa majina na kuwahesabia kura zenu.